Bao la Kuuza na Bao la Baraza

Jioni moja, baada ya sala ya magharibi, mpwa wangu anayeishi Toronto alinipigia simu. Tuliamkiana, tukaulizana hali za wazee na hali ya mvua, kisha akasema: "Mjomba, nina shauri nataka unipe. Nimemaliza sanduku jingine, na safari hii kuna mtu analitaka. Niuze au nisiuze?"

Msomaji asiyemjua mpwa wangu atadhani anauza makasha ya nguo. Sivyo. Kijana huyu kazi yake ya mchana ni nyingine kabisa, lakini usiku na siku za mapumziko hujifungia ndani ya banda la nyumba yake akatengeneza masanduku ya michezo. Ni kama kabati jembamba lenye kimo cha mtu. Ndani hutiwa televisheni na kompyuta ndogo, mbele huwa na vijiti na vifungo vya rangi, na mtu husimama akacheza michezo ile iliyokuwa katika mabaa na maduka ya Marekani alipokuwa mwenyewe hajazaliwa. Hakuna aliyemtuma. Anapenda tu. Sanduku la kwanza aliwatengenezea watoto wake, la pili akampa rafiki yake. Hili la tatu ndilo lililoleta swali.

Nilimwambia anipe siku mbili. Alicheka akasema, "Mjomba, wewe si uliuza mabao? Jibu unalo mfukoni."

Kweli nilikuwa nalo, lakini halikuwa mfukoni. Lilikuwa mahali ambapo sipendi kulitafuta. Ndiyo sababu nimeona bora niliandike.

Mimi ni mtu wa Uroa, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, kaskazini ya Chwaka. Nilisomesha skuli kwa miaka mingi. Useremala sikuufanya kwa riziki. Niliupata kwa ami yangu, ambaye alikuwa akitengeneza vyombo vya baharini, nami nikiwa mtoto nikimshikia ubao na kumwokotea vishoka vyake. Kutoka kwake nilijua kutumia tezo, patasi, randa na keekee. Alipofariki, vyombo vyake vya kazi vilikuja kwangu, na jioni baada ya kusahihisha madaftari nikawa najichongea hiki na kile. Nilichokipenda zaidi kuchonga ni bao.

Wasomaji wa bara wataniwia radhi nikieleza wanachokijua, kwani mabao ni mengi na si yote yaliyo sawa. Bao tunalolicheza sisi lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete zake ni 64. Kila mchezaji ana safu mbili. Mwanzoni kila mmoja huweka kete sita katika nyumba, mbili katika shimo linalofuata upande wa kulia, na mbili katika shimo la pili yake. Zile 22 zilizobaki hukaa nazo mkononi, akawa anaziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namu. Zikimalizika za mkononi ndipo huanza mtaji. Kete zenyewe ni komwe, mbegu za kijivu za mkomwe, ule mti wa miba unaoota karibu na pwani. Watoto wa Uroa huziokota bure.

Sasa litazame lile shimo la nyumba. Katika bao lililo sahihi nyumba huchongwa mraba, na mashimo mengine ni mviringo. Nyumba ya kila mchezaji ni shimo la tano kuhesabu kutoka kushoto kwake, katika safu ya mbele. Kwa kuwa wachezaji wanakabiliana, kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwenziwe, na kwa hivyo nyumba mbili hazitazamani uso kwa uso. Zinapishana kwa shimo moja. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani tutarudi kwalo.

Mchezo huu ni wa zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ana shairi lake juu ya bao, na hapana mshairi atakayetunga juu ya jambo ambalo wasikilizaji wake hawalijui. Mwaka 1896 yalichapishwa Marekani maandishi ya Stewart Culin, mtu wa makumbusho, aliyeuita mchezo wa jamii hii kuwa ndio mchezo wa taifa wa Afrika nzima. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kupenda bao. Na katika miaka ya 1990 alikuja Unguja mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, akakaa na mabingwa wetu, akajifunza kwao, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya upeo wa akili ya mchezaji wa bao. Kilichomshangaza ni kile ambacho sisi tulikiona kila siku barazani bila ya kukistaajabia: mtu anazungusha kete kwa macho tu, shimo baada ya shimo, duru baada ya duru, kabla mkono wake haujagusa kitu, na akijua mwisho wake utalala wapi.

Mtu wa namna hiyo tunamwita fundi. Nami siku zote nimeona ajabu kwamba Kiswahili kimetumia neno moja kwa anayelichonga bao na kwa anayelicheza hadi akawashinda watu. Pengine wazee waliona kuwa ni kazi moja.

Lakini tujiulize: mabao hayo yalitoka wapi? Nani alikuwa akiyauza? Hapa ndipo historia inapogusa swali la mpwa wangu. Utotoni mwangu pale Uroa sikumbuki hata siku moja kumwona mtu akienda dukani kununua bao. Bao lilichongwa na fundi wa vyombo au fundi wa milango kwa kipande cha ubao kilichobaki, wakati wa kusi kali ambapo kazi ya pwani imesimama. Alilichonga kwa ajili ya baraza yake, au ndugu yake, au kwa mtu aliyemwomba. Aliyeomba hakuja mikono mitupu. Alileta samaki, au nazi, au alisaidia siku ya kushua chombo. Hiyo haikuitwa bei. Na bao likishafika barazani halikuwa tena la mtu mmoja. Liliachwa pale usiku na mchana, mvua ikinyesha linapinduliwa, na hakuna aliyeliiba, kwani mwizi angelipeleka wapi?

Biashara ya sanaa ya mbao ilikuwapo Unguja, tena kubwa, lakini ilikuwa ni ya milango na makasha. Enzi ya Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na aliyejenga Beit al Ajaib mwaka 1883, tajiri alijulikana kwa mlango wake kabla hajaonekana mwenyewe. Fundi wa milango alikula kwa patasi yake. Fundi wa bao hakula kwa bao.

Mambo yalibadilika polepole, kisha kwa haraka. Baada ya kulegezwa kwa biashara katikati ya miaka ya 1980, wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, wageni walianza kuja kwa wingi. Mwaka 1989 pwani yetu ya mashariki ilianza kilimo cha mwani, ukianzia upande wa Paje na Jambiani, na mama zetu wakashika fedha zao wenyewe. Hoteli zikaanza kuota kwenye fukwe. Kule Mjini, maduka ya Gizenga na Shangani ambayo zamani yaliuza vyombo vya nyumbani yakajaa vinyago, picha, vikapu na majahazi madogo. Milango ya kale nayo ikaanza kutazamwa kwa jicho jingine.

Wengi wa waliotajirisha maduka yale hawakuwa watu wa biashara walipoanza. Mfano ni Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini mwa Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1960 pale Dar es Salaam alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao laini kwa rangi ya kupakia baiskeli, kwa kuwa ndiyo aliyoimudu. Aliuza kwa wageni wa Oyster Bay. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi iliyompata kimakosa, naye amefanya kazi hiyo miaka michache tu. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na leo jina lake ni jina la mtindo wa picha unaouzwa katika kila kichochoro cha Mji Mkongwe. Je, ililipa? Kwa mamia ya watu waliokuja baada yake, ililipa. Kwa yeye mwenyewe, umri haukumruhusu kujua.

Na hata huko Marekani alikohamia ndugu wa mchezo wetu kuna habari inayofaa kutajwa. Alikuwapo mtu aitwaye William Champion, wa jimbo la Massachusetts. Katika miaka ya 1940 alitengeneza bao lake la mashimo sita sita na ghala mbili, akaliita Kalah, akaanza kuliuza, na mwaka 1958 akalifungulia kampuni. Mashimo ya Afrika yakauzwa madukani Marekani yakiwa na jina jipya na sanduku la karatasi. Aliwezaje? Kwa kulipunguza. Bao lake mtoto hulijua kwa robo saa. Letu, fundi hulijua kwa miaka ishirini.

Masanduku ya mpwa wangu nayo yana asili kama hiyo. Mwaka 1972, kijana Allan Alcorn wa kampuni changa ya Atari alitengeneza sanduku la mchezo wa Pong kwa mkono, televisheni yake ikiwa ni ya kawaida iliyonunuliwa dukani, nalo likawekwa katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, California. Baada ya siku chache mwenye baa alilalamika kuwa limeharibika. Walipolifungua walikuta halina ubovu. Lilikuwa limejaa sarafu hata hazina pa kuingia. Kila anayepiga msumari katika sanduku lake usiku amewahi kuisikia hadithi hiyo, na kila mmoja huota sarafu zile. Lakini Atari haikuuza useremala. Iliuza mchezo ambao watu hawajawahi kuuona. Anayetengeneza sanduku la zamani leo anauza kumbukumbu na kazi ya mkono, na hiyo ni biashara nyingine.

Basi na mimi. Mwaka 1994 mgeni mmoja alipita Uroa akaniona barazani, akalipenda bao langu akanipa shilingi 12,000. Nilikuwa sijawahi kupata fedha kama ile kwa kazi niliyoifanya kwa raha. Usiku ule sikulala vizuri. Wiki iliyofuata nilipanda gari la abiria asubuhi, nikachukua mabao mawili hadi Mjini, na mwenye duka mmoja akakubali kununua kwa 6,000 kila moja, na akataka manne kila mwezi.

Hapo ndipo nilipojiona mfanyabiashara. Na kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa hesabu, niliweka daftari. Ninalo mpaka leo. Ubao wa mfenesi: 2,800, kwani ardhi yetu ya mashariki ni maweni, haioti mti wa kutoa ubao mpana, na mbao tunazifuata upande wa magharibi. Usafiri: 400. Msasa na vanishi: 500. Watoto wa komwe, ambao walipojua nauza hawakukubali tena kuokota bure: 100. Jumla 3,800. Faida kwa bao moja ni 2,200.

Kwa miezi mitatu nilifurahia ile 2,200. Mwezi wa nne nikaongeza safu moja katika daftari, nayo ndiyo iliyonifungua macho: safu ya saa. Bao moja lilinichukua saa 30, na hapo najitahidi. Jirani yangu aliyekuwa akibeba mawe kwenye ujenzi wa hoteli alilipwa 700 kwa siku. Saa 30 ni siku nne za kazi yake, yaani 2,800. Kwa hivyo mchukuzi wa mawe alinishinda kwa shilingi 600, naye hakuwa na tezo ya kunoa, wala hakununua ubao, wala hakubaki na bao lililopasuka mikononi. Ndiyo, niliwahi kupasua mawili kwa sababu ubao haukukauka barabara, na hayo sikuyatia katika hesabu kwa aibu.

Nikatafuta njia ya kupunguza saa. Ndivyo kila mtu afanyavyo. Kwanza nilipunguza kina cha mashimo. Mnunuzi haangalii kina. Kisha nikaacha nyumba ya mraba, kwani kona nne za patasi zinakula muda. Mashimo yote nikayafanya mviringo. Mwenye duka hakusema kitu. Alipolalamika mgeni mmoja aliyesoma kitabu, nikarudisha mraba, lakini nikaziweka nyumba mbili zikitazamana, kwa kuwa ni rahisi kuzipima kwa mstari mmoja na macho ya mgeni huzipenda hivyo. Saa 30 zikawa 18. Daftari likacheka. Lakini mabao yale hayachezeki, na mimi niliyeyachonga nilijua. Kete ikidondoshwa kwa kasi katika shimo fupi huruka ikaangukia shimo la jirani, na nyumba isiyokuwa mahali pake ni kama mlango uliowekwa ukutani pasipo chumba.

Yote hayo ningeweza kuyasahau. Lililobaki ni hili.

Mzee aliyenifundisha bao alikuwa wa baraza yetu. Sitamtaja jina. Bao tulilolichezea lilikuwa la zamani, limepasuka ubavuni, na mashimo mawili yalikwisha kutoboka. Mwanzoni mwa mwaka 1996 aliniita. "Mwalimu," akasema, "nasikia mabao yako yanakwenda Ulaya kwa ndege. Na sisi wa hapa tupatie moja, tena la kuchezea, si la kutundika ukutani." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikamwambia, "Inshallah mzee, nikimaliza ya dukani mwezi huu."

Mwezi ule nilimaliza ya dukani. Na uliofuata. Ubao wake niliununua, mnene, wa mfenesi mkavu, nikaupiga mistari na kuchimba mashimo ya safu ya kwanza, kisha duka likaagiza sita kwa haraka nikausogeza pembeni. Kila nikipita barazani aliniuliza kwa macho tu, kwani mtu mzima hadai kitu mara mbili. Mimi nikaanza kupita njia ya pwani.

Alifariki mwezi wa Ramadhani uliofuata. Tulimzika alasiri. Baada ya maziko nilikwenda bandani, nikautoa ule ubao chini ya mbao za dukani, nikaukuta una vumbi la msasa wa mabao ya watu wengine.

Sikuandika haya ili msomaji anihurumie. Nimeandika kwa kuwa hiyo ndiyo safu ya tatu ya daftari, nayo haina mahali pa kuandikwa. Ya kwanza ni gharama, ya pili ni saa, na ya tatu ni kile kilichoachwa wakati ukifanya kazi ya duka. Mtu anayefanya kazi kwa riziki hana budi; akiiacha hiyo ya tatu, watoto wamekula. Lakini mimi nilikuwa na mshahara wangu wa ualimu. Nilichokuwa nikikiuza hakikuwa riziki. Nilikuwa nikiuza raha yangu kwa 2,200, na ahadi yangu nikaitia juu kama nyongeza.

Je, maana yake ni kwamba mtu asiuze? Hapana. Ningesema hivyo ningekuwa mnafiki, maana fedha za mabao zilinisaidia kuezeka nyumba bati, na bati lile halijavuja. Wala sikuacha kuuza. Duka nililiacha, lakini mpaka leo nachonga mabao mawili au matatu kwa mwaka, ya nyumba ya mraba iliyo mahali pake, na anayelitaka hulifuata mwenyewe Uroa, hulipa bei inayotazama zile saa, na husubiri. Wengi hawasubiri. Wanaosubiri aghalabu hujua kucheza.

Siku ya pili nilimpigia mpwa wangu. Nilimwambia auze sanduku la tatu, kwani nyumba yake si ghala na aliyelitaka amelitaka kwa moyo. Lakini aweke bei akihesabu saa zake, hata kama hazitalipwa zote, ili ajue anatoa zawadi kiasi gani. Asikubali kuagizwa manne kila mwezi. Siku atakapojikuta anapunguza kitu ambacho mnunuzi hakioni lakini yeye anakijua, aache. Na kama kuna mtu wa karibu aliyemwahidi, aanze na huyo.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mjomba, mama amenikumbusha juzi kuwa nilimwahidi meza ya kushonea tangu mwaka jana."

"Basi swali lako umelijibu mwenyewe," nikamwambia. "Mshonee kwanza mama yako hiyo meza."

Akacheka kwa kuwa nilikosea neno. Meza haishonwi.

Ule ubao wa mzee niliumaliza. Ilinichukua saa 41, na niliziandika zote katika daftari, upande wa bei nikaacha wazi. Upo barazani Uroa tangu mwaka 1997. Mashimo yamekuwa laini na meusi kwa mikono ya watu, na nyumba moja kona zake zimeanza kulika. Wageni wamewahi kuuliza bei. Vijana huwajibu kuwa bao hilo si la kuuza, kisha huwasogezea kiti wakae watazame.